Ya Laki Tatu na ya Laki Tisa

Tulizitundika kwenye boriti moja
kama mbuzi wa Idi waliokwisha kuchunwa:
ya laki tatu kushoto, ya laki tisa kulia.
Ghala la chama cha msingi lilinuka korosho
zilizopigwa mnada mwezi jana.
Kamati ilikaa juu ya magunia matupu,
na Kostansia, mhazini, alikuwa na daftari, kalamu,
na ule uso wake wa "haya, nishawishini."

Zote wati mia mbili. Zote, maboksi yalisema,
zitaishi saa elfu hamsini.
Kikundi chetu hakijamaliza mwaka wa nne.

Dadi Litunu aliwasha ya kushoto.
Mwanga ukaanguka sakafuni, mkavu,
mweupe wa sanda iliyotiwa buluu.
"Hiyo inawaka!" walisema watu wa nyuma.
Na kweli, iliwaka.
Kinyago chetu cha mti mwepesi kilipendeza mbele yake,
kila chale ikahesabika.

Kisha akasimama Somoe.

Somoe si maji ya kunde. Somoe ni mweusi tii,
weusi wenye tabaka: ndani mna zambarau,
mna udongo wa Newala siku ya mvua ya kwanza,
na taa ya laki tatu haikuwa na habari hizo.
Ilimpaka majivu.
Kitenge chake chekundu kikawa rangi ya maini yaliyolala.
Nimesoma naye tangu darasa la pili;
nilimtafuta usoni mwake, nikamkosa.

Halafu feni. Ilikoroma
kama mgonjwa wa kitanda cha jirani.
Somoe alifika pale mama anapoinama
ukingoni mwa Shimo la Mungu, ndoo mkononi,
anong'one: "Maji, mlango wako uko wapi?"
Tulichosikia ni vvvvvv.

"Zima," nikasema. "Washa ya kulia."

Mwanzoni sikuiona. Labda ndiyo bei yake:
haikutaka tuitazame yenyewe.
Nililiona kovu la tetekuwanga juu ya nyusi,
nikaona jasho, na kitenge kikarudi kuwa kitenge.
Dadi akaishusha kwa kidole kimoja,
kumi, tano, mbili kwa mia,
ikazama kama makaa yanavyozama.
Ile nyingine ukiishusha hupepesa kope,
kisha hukata ghafla, kama mtu aliyesusa.

Kostansia alifunga daftari juu ya kidole chake.
"Kwa hela hii tungepata tatu.
Jukwaa zima lingeonekana, pembe hadi pembe.
Na watu wanalipa ili waone."
Sikuwa na jibu la hesabu hiyo.
Nilikuwa na uso wa Somoe tu, na uso si risiti.

Tuliziwasha zote mbili kwa pamoja, kwa mara ya mwisho.
Kumbikumbi wakaingia kwa mlango wa nyuma,
mamia, wakapita ya kulia bila salamu,
wakaenda kujibamiza kwenye ile nyeupe.
"Nao wamepiga kura," akasema Dadi.
Kostansia alicheka bila kukusudia,
akamtoa mmoja kwenye ushungi wake,
akaandika.

Tumenunua moja. Inatosha nusu ya jukwaa.
Nusu ya pili tumeiacha ilivyo,
na sasa Somoe anashukia huko, onyesho la tatu:
anatoka kwenye mwanga, bega, kisigino, basi,
halafu ndoo inagonga mwamba tusiouona,
ngo,
ngo,
na watu wanainuka kwenye magunia kuchungulia chini
sakafu ya saruji isiyo na shimo lolote.

Kostansia yuko mlangoni, anahesabu sarafu kwa kugusa.
Deni limebaki laki mbili na themanini.
Ndoo bado inashuka.